Nilimchongea Seif Ili Nipande Boti ya Mashindano

Nina miaka thelathini na mitatu, Mkenya, baba wa binti mmoja. Naandika haya kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umebaki na vidole vitatu. Wasomaji wenzangu, msinihurumie bado! Subirini kwanza mjue vile viwili vilikwendaje.

Nilikuja Riyadh kuendesha gari la tajiri mmoja mwenye ofisi Sulimaniyah, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini kisheria nchini humo. Siku moja aliniuliza natoka sehemu gani ya Kenya. Nikamjibu Mombasa. Lo, jinsi alivyofurahi! Alikuwa amenunua yoti, boti ya matanga ya kifahari iliyokuwa ikifungwa Jeddah, na kichwani mwake kila mtu wa Mombasa ni baharia. Mimi nimekulia Changamwe, Mombasa hiyohiyo lakini nyuma ya gereji za malori. Hata kuogelea sijui. Lakini nilinyamaza... nani atamkosoa bosi aliyefurahi?

Tukawa tunakwenda Jeddah kila mwisho wa wiki. Huko ndiko nilikomkuta Seif, Mpemba wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa akiitunza ile yoti. Huyo ndiye alikuwa baharia hasa! Alinikaribisha chumbani kwake Ruwais, tukala sahani moja, na kila Ijumaa alasiri akanifundisha kufunga mafundo, kukunja tanga, na kuzungusha kamba kwenye winchi, lile pipa dogo la chuma linaloikaza kamba ya tanga.

"Kamba ikishabeba upepo, vidole mbali," alizoea kuniambia. "Ukiilegeza, ilegeze kwa kiganja. Usiikamate, ndugu yangu!"

Basi bosi akajiandikisha kwenye mashindano ya baharini. Nahodha Mzungu alikuja na watu wake, ikabaki nafasi moja tu. Bosi alituahidi kwamba kati yetu wawili, atakayepanda siku hiyo atahamishiwa ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, iwe ya kazi ya yoti, akae Jeddah moja kwa moja na aruhusiwe kuleta familia.

Seif aliihitaji nafasi ile kuliko mimi, na nilijua kwa nini. Kafili wake alikuwa Riyadh, na alikuwa amemwachia ajitafutie kazi popote. Ikama yake ilisema ni dereva wa nyumbani, na bosi hakuwahi kuomba kuiona. Wengi wetu huku tunaishi hivyo. Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo kila mmoja wetu analishika bila kufundishwa... ikama ya mwenzako huisemi mbele ya mwajiri. Mnaweza kugombana, mnaweza hata kunyimana salamu, lakini hilo huligusi.

Mimi nililigusa!

Tulikuwa ndani ya gari, Riyadh, foleni haisogei. Bosi akasema nafasi atampa Seif kwa kuwa ni mzoefu. Wivu ulinishika. Nilimfikiria mke wangu, nikamfikiria binti yangu ambaye nilimwacha hajatambaa...

"Bosi," nikasema, "Seif ana kafili mwingine. Kwako anafanya kazi bila ruhusa."

Alinitazama kupitia kioo. "Ikama mafi? Hakuna?"

"Iko, bosi, lakini si ya kazi hii."

"Halas, basi. Wewe utapanda."

Nilidhani Seif atakosa nafasi tu, basi. Kumbe bosi aliogopa kuingia matatani, akampigia simu yule kafili. Naye, ili ajitoe lawamani, akaandikisha serikalini kwamba Seif ametoroka kazini, na mtu akishaandikwa hivyo husakwa arudishwe kwao. Siku chache baadaye Seif alinipigia simu akilia. Mtu mzima yule! Aliniuliza ni nani aliyemchongea. Nikamwambia sijui, kaka.

Siku ya ufunguzi ilifika. Bendera kila upande, boti za matanga zimejaa mbele ya mji, bosi amekaa nyuma akiwapungia mkono watoto wake. Mimi nilitapika kabla hata honi ya kwanza haijalia! Boti zote zilikuwa zikizungukazunguka mahali pamoja zikisubiri kuanza. Ghafla nyingine ikatujia ubavuni. Nahodha akapiga kelele tugeuke. Kazi yangu ilikuwa kulegeza kamba.

Niliikamata. Woga, jamani! Niliikamata kwa vidole, upepo ukaivuta, winchi ikavibana... Nilichokiona baada ya hapo sitakieleza.

Honi ya kuanza ililia, wenzetu wakaondoka, sisi tumesimama nikifungwa mkono kwa taulo. Bosi alinisogelea kabla sijashushwa kwenye boti ya uokoaji. "Wewe kweli mtu wa Mombasa?" akauliza. Hakuniuliza lingine.

Siku ya tatu, nikiwa hospitali, mlango ulifunguliwa akaingia Seif. Kesho yake alikuwa aende akajisalimishe ili arudishwe kwao, lakini alisema hawezi kuondoka bila kuniona. Alileta wali na mchuzi wa samaki. Akaosha mikono, akakaa kitandani, akanilisha mwenyewe, tonge kwa tonge.

"N'samehe, ndugu yangu," akasema, machozi yamemlenga. "Mie ndo sikukusomesha vyema."

Nisemeje, wasomaji? Ulimi ulikuwepo, haukukatwa na winchi. Nilifumbua mdomo... nikapokea tonge jingine.

Alikunja mfuko wake, akanibusu kipaji cha uso, akaenda. Simu yake ya huku haipatikani tena. Mimi sasa ni mlinzi wa jengo Riyadh, maana gari siaminiwi, na binti yangu namwona kwenye simu.

Nawasihi ninyi mlio ugenini, karatasi za mwenzako ziache zilivyo, hata kama nafasi unayoitamani iko mbele yako. Na ukishamkosea mtu, kiri angali amekaa karibu yako, kabla hajainuka. Mimi nilichelewa, na sina pengine pa kusemea ila hapa. Seif, kaka yangu, aliyekuchongea ni mimi.