Koja la Fiji

Basi Nunu alimwona Ussi dukani Ghulail, hapa Jeddah, Ijumaa baada ya sala, duka limejaa hata pumzi huvuti. Nunu mtoto wa Unguja, fundi wa kushona mabuibui, mtandio wake rangi ya zafarani. Kashika fungu la mwisho la kisamvu. Mkono mwengine nao umelishika.

"Kaka, achia."

"Achia wewe, bibie. Nimetoka Riyadh."

"Riyadh yote hiyo kwa majani?"

"Nilidhani majani. Kumbe kuna na riziki nyengine."

Nunu akacheka. Kisamvu wakagawana, nambari wakapeana.

Huyu Ussi alikuwa karani wa jumuiya ya misaada mtaa wa Sulimaniyah, huko huko Riyadh. Jumuiya ilishirikiana na vikundi vya kina mama wa Fiji, visiwa vya mbali huko Pasifiki, kujenga matangi ya maji. Kila jioni simu.

"Umekula, habibti?"

"Nitakulaje, domo hilo halinyamazi!"

Ussi akatumwa Fiji wiki tatu kukabidhi matangi. Siku ya nne ikaja picha: Ussi kakaa mkekani, shingoni koja la maua, ubavuni mwanamke anacheka. Na sisi wa Unguja tunajua, mwanamume kavishwa koja, kakalishwa mkekani, huyo bwana harusi, halas! Nunu hakuuliza. Ussi akipiga, hapokei. Mara ikaja posa ya Salem, jirani. Mjomba wake Nunu, anayekaa naye, akataka jibu Ijumaa.

Alhamisi, wiki tatu zishatimia, mlango wa kina Nunu ukagongwa. Ussi huyo, kanzu imekunjamana, mkeka kwapani.

"Mume wa watu anataka nini hapa?"

"Mume wa nani?"

"Wa yule wa kwenye picha! Na koja juu!"

Ussi akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Roho yangu, kule kila mgeni huvishwa. Hata bosi na upara wake kavishwa! Yule mama mwenyekiti wa kikundi, ana wajukuu sita."

"Na huo mkeka?"

"Waliniona nachungulia simu, hujibu. Nikawaeleza habari zako. Wakakaa kina mama kumi na wawili, wakausuka. Wakasema, umetuletea maji, mpelekee huyo anayekunyima usingizi."

Nunu akaukunjua. Laini, kingo zina nyuzi za rangi. Machozi yakamtoka.

"Mjomba!" akaita ndani. "Posa ya Salem irudishwe kwa adabu."

"Na huyu je?"

"Huyu alete barua. Mkeka wa nikaha upo."

Wakaozwa juu yake. Mpaka leo Nunu akiutandika kusali, dua ya kwanza ni ya wale kina mama kumi na wawili, asiowajua hata majina.