Shangazi Alipolazwa Kifudifudi

Hadi leo, nikisikia cherehani ikikoroma mahali, moyo unarudi nyumbani kwetu kwa zamani. Nilikuwa darasa la tano. Nikitoka shule, lazima nipite kwanza barazani kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa fundi wa nguo za kike. Hapo palikuwa na benchi ambalo halikuwahi kupoa. Mmoja kaja kupimwa, mwingine kaja kuchukua gauni lake, na yule wa pembeni hana gauni wala kitambaa, kaja kusikiliza nani kagombana na nani. Vikombe vya chai havikutosha hata siku moja. Tulicheka mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza kulikoni, na wakishakaribishwa, nao hawaondoki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibie. Weka mkoba, kanishushie kile kitambaa cha bluu."

Kushusha vitambaa rafuni ilikuwa kazi yangu, na ni mimi peke yangu niliyejua sababu. Tangu shangazi alipoteleza bafuni, mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kupita bega. Kwenye cherehani ulifanya kazi bila shida, maana pale mkono hukaa chini. Lakini kujifunga kitambaa kichwani tu ilikuwa shughuli ya kukunja uso.

"Ole wako useme," aliniambia. "Wateja wakisikia fundi ana mkono mbovu, kesho wote wako kwa yule fundi wa kona."

Katika nyumba ile siri ilikuwa haimalizi jioni. Hiyo yangu niliahidi kuitunza, ikadumu.

Kisha mgongo wake nao ukaanza. Maumivu yalishuka mguuni, mguu ukafa ganzi, akawa hawezi kukanyaga pedali. Hospitali wakampiga picha, wakaona kuna kitu kinabana mshipa wa fahamu kwenye uti wa mgongo. Ikaamuliwa afanyiwe upasuaji.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yake hasa ilikuwa kuwalaza wagonjwa vizuri kabla daktari hajaanza. Shangazi alipoambiwa kwamba atapasuliwa akiwa kifudifudi, aliruka.

"Wifi, mnanitibu au mnanizika? Uso chini nitapumuaje?"

"Njoo nikuonyeshe," mama akasema, akatandika godoro sebuleni. Watu wote wa barazani wakaingia ndani kutazama kama wamekuja harusini.

Mama alimwelekeza taratibu. Atapewa dawa ya usingizi akiwa chali, akishalala ndipo watu kadhaa watamgeuza kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu vikienda sawa. Akamwekea mito chini ya kifua na chini ya nyonga. "Tumbo halibanwi, unaona? Linabaki huru, ndipo unapumua vizuri. Uso unakaa kwenye mto wenye uwazi katikati, macho na pua visigandamizwe. Magoti tunayawekea kitu laini. Na mikono tunaipeleka mbele, kando ya kichwa, hivi…"

Mama aliposhika ule mkono wa kulia tu, shangazi akajiviringisha pembeni akicheka.

"Basi, basi, nimeelewa! Mnataka niogelee!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. "Mimi kunigeuza mtaita trekta," akasema jirani mmoja mnene, watu wakazidi kucheka, na mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona uso wa shangazi kabla hajajiviringisha.

Wakati wa kuosha vikombe nikamuuliza mama, "Hivi mgonjwa akiumia mkono wakati amelala, anawaambiaje?"

"Hawezi kutuambia, mwanangu, na hapo ndipo ugumu wa kazi yetu. Wewe ukilalia mkono vibaya, unashtuka, unajigeuza. Aliyepewa dawa ya usingizi hashtuki. Mkono ukivutwa vibaya kwa saa kadhaa, mishipa ya fahamu inaumia. Mtu anaamka mgongo umetengenezwa lakini vidole havishiki hata kijiko. Ndiyo maana tunawauliza kila kitu wakiwa macho."

"Shangazi utamlaza wewe?"

"Hapana, nimewaachia wenzangu. Ndugu yako akiwa mezani, mawazo hayatulii."

Nikaendelea kusuuza kikombe kilekile. Nilikuwa nimeahidi.

Kesho yake shangazi alilazwa wodini. Tulikwenda kumwona, na mama alipotoka kusalimia wenzake, nikainama sikioni mwa shangazi. "Waambie kuhusu mkono."

"Nyamaza! Wakijua wataahirisha, na mimi nimechoka kukokota huu mguu."

Hapo hapo akaingia daktari wa usingizi, mwanamke mpole mwenye miwani. Akauliza kuhusu meno, dawa anazotumia, na kama kuna dawa inayomdhuru. Kisha akasema, "Mikono je? Ukiiinua juu ya kichwa, kuna panapouma?"

"Mikono hii, daktari? Ndiyo inayonilisha!" Shangazi akaupandisha wa kushoto hadi juu, huku wa kulia akijifanya anavuta shuka.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka. Nikaona vile vidole vya shangazi, vilivyojaa alama za sindano, vikiwa vimelala tu juu ya shuka.

"Wa kulia haupandi," nikasema. "Alianguka bafuni."

"Mtoto huyu!" shangazi akafoka.

Daktari hakumgombeza mtu. Alirudi, akaushika mkono ule na kuuinua polepole. Ulipofika usawa wa bega, shangazi akaguta.

"Mbona ulinificha, dada?"

"Si mngeahirisha!"

"Hatuahirishi. Si lazima mikono iende mbele. Tutailaza kando ya mwili wako na kuizungushia sponji. Nitawaambia wanaokulaza."

Shangazi akautazama mkono wake. "Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, tukijua."

Hata hivyo, nilipomuaga aligeukia ukutani. Nyumbani jioni hiyo baraza lilijaa kama kawaida, ila mimi nilikaa jikoni. Niliamini nimempoteza shangazi yangu.

Upasuaji ulikwisha salama. Siku iliyofuata nilisimama mlangoni mwa wodi, nikiogopa kuingia. Alikuwa ameegemea mito, wageni wamemzunguka, tayari anawasimulia habari za wodi nzima.

"Njoo hapa, bibie, mbona unajificha?" akaniita. Kisha akawageukia wageni. "Huyu nilimbebesha siri isiyomfaa mtoto, nikamnunia alipoitua. Sikilizeni niwaambie. Mganga anakulinda kwa kile anachokijua. Mkimficha ugonjwa mnajificha wenyewe. Na wewe, mwanangu, mtu akikwambia ufiche jambo linaloweza kumdhuru, sema, hata kama ni mimi."

"Umesikia lakini?" mama akaniuliza kutoka nyuma yangu.

Shangazi alikuwa amenikamata mkono kwa mkono wake wa kulia, akaubana kwa vidole vyote vitano, kwa nguvu, mpaka nikapiga kelele. Wodi nzima ikacheka. Sijapata tena kufurahia maumivu kama yale.