Dhahabu Iliyokwenda na Tope

Kila siku akitoka shule, Noela alivua sare, akabeba ndoo ya maji hadi mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, nje kidogo ya Kalangalala. Mama yake, Apolonia, alikuwa mwoshaji anayeaminika. Wachimbaji walimletea mchanga wa mawe yaliyosagwa, naye aliuzungusha kwenye karai lenye maji mpaka tope likamwagika na chembe za njano zikabaki chini.

Lakini mama alikuwa amevuka miaka arobaini na mitano, na vitu vya karibu vilianza kumkwepa. Wali wake ukawa na mawe. Sindano alimpa Noela atunge uzi. Karai nalo alilishika mbali, mikono imenyooka, kana kwamba linanuka.

"Mama, huoni?" Noela aliuliza.

"Naona vizuri. Na usiende kunitangaza. Mwoshaji asiyeona nani atampa mchanga wake?"

Noela akanyamaza. Alinyamaza hata siku alipoona chembe za njano zikienda na tope hadi kwenye lundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa.

Jioni hiyo Maduhu, mwenye mchanga, alikuja kuchukua dhahabu yake. Alitazama kile kidogo kilichopatikana, akakunja uso.

"Jiwe langu lilikuwa na mali. Imekwenda wapi?"

Neno moja la kweli lingetosha. Badala yake mama alimgeukia Lusia, rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa akiosha karibu naye.

"Mimi niliinuka kidogo," alisema. "Aliyebaki hapa ni huyu."

Mwaloni neno kama hilo halina rufaa. Lusia alinyang'anywa karai, akafukuzwa mbele ya watu. Noela, aliyejua yote, aliinama akatazama miguu yake.

Siku chache baadaye Noela akasema, "Mama, dhahabu uliimwaga wewe. Niliiona."

Mama aliinua mkono amchape, kisha akaushusha, akalia.

Walikwenda kliniki ya macho. Daktari alimpima, akamwambia, "Usiogope, mama. Watu wengi wakishafika umri wako, macho hushindwa kuona vya karibu. Miwani itatosha."

Ikatosha kweli. Mama aliosha upya lile lundo mbele ya Maduhu, na chembe zikaonekana. Akawaambia waoshaji wote kwamba kosa lilikuwa lake. Kisha yeye na Noela wakamfuata Lusia, ambaye sasa aliishi kwa kugonga mawe ya kokoto kando ya barabara.

"Shikamoo, mama," alisema Noela.

"Marahaba." Lusia hakuacha kugonga.

Mama alieleza yote, akaomba radhi, akamwambia karai lake linamsubiri.

"Macho yako yamepona, Mama Noela, nafurahi," alisema Lusia. "Lakini wanangu shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Hilo utaliosha na nini? Mwaloni sirudi."

Njiani mama alivua miwani, akaifuta kwa khanga muda mrefu.

"Kutoona si aibu, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Aibu ni kuficha mpaka mzigo wako ukamwangukia mwenzako. Nawe ukiona kosa, sema siku hiyohiyo, hata kama ni langu. Sisi tumesema tukiwa tumechelewa."

Noela aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao nyundo ya Lusia ilikuwa bado inagonga.