Kifo Chini ya Dirisha la Bibi Harusi

Periklis Vlahos alikutwa amelala kifudifudi katika uchochoro mmoja wa mji mkongwe wa Korfu, kisiwa cha Ugiriki, asubuhi ya Jumamosi Kuu, muda mfupi baada ya kengele za saa tano kulia na mji mzima kuanza kurusha vyungu madirishani, kama desturi yao ya Pasaka. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Vigae vya chungu kikubwa vilirundikana karibu na bega lake, na koti lake la sufu lilikuwa jeupe kwa vumbi la udongo. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, lakini mvua ilikuwa bado.

Inspekta Evanthia Zafiri alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya mawe ya njia. Vumbi likamshika vidoleni.

"Ajali ya sikukuu, afande," alisema Koplo Makis. "Mtu karusha bila kuchungulia. Kila mwaka nasema ipo siku."

"Nani kamwona wa kwanza?"

Alikuwa Mzee Tasos Rouvas, fundi wa viti, ambaye karakana yake ilitazamana na maiti. Alisimama mlangoni na aproni yake, mikono ikining'inia.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Nikasikia mshindo, maji yakanirukia hadi hapa kizingitini. Kutoka nje, namkuta Periklis kalala. Maskini."

"Chungu kimetoka dirisha gani?"

"Binti yangu, huko juu kuna familia sita, na leo kila mtu ana chungu."

Mchana jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Loukas Gisdakis, mtembeza watalii kama marehemu. Siku iliyotangulia walikuwa wameshikana mashati mbele ya mkahawa, na Loukas akaapa kwamba atampasua mwenzake kichwa.

"Nilisema, sikatai," alijibu Loukas, macho mekundu. "Alikuwa ananinyang'anya wageni tangu bandarini. Lakini kengele zinalia, mimi niko uwanjani na kundi zima, nimepanda juu ya kiti napiga kelele kama mwendawazimu. Waulize!"

Waliulizwa. Hata picha walikuwa nazo.

"Si nilisema ni ajali?" alisema Makis walipotoka.

"Makis, mama yako hurusha chungu kitupu?"

"Kitupu? Anakijaza maji mpaka mdomoni! Bila maji hakina raha, hakina..."

"Koti la Periklis lilikuwa kavu. Mawe yalikuwa na vumbi. Na chungu kikitoka ghorofani, vigae vinatawanyika uchochoro mzima. Hiki kilivunjwa palepale, kwa mkono."

"Sasa Mzee Tasos alirukiwa na maji gani?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Lakini afande, yule mzee hata nzi hamdhuru. Kwa sababu gani?"

Sababu Evanthia aliitafuta kwa miguu. Alimchukua Hana, mwalimu mstaafu kutoka Prague, aliyekuwa katika kundi la mwisho la Periklis, wakarudia matembezi yale hatua kwa hatua: bandari ya zamani, ngome, kisha vichochoro vyembamba. Kila kituo Hana alieleza walichosimuliwa. Walipofika uchochoroni alitazama juu.

"Hapa alituonyesha dirisha lile, la bibi harusi. Msichana aliyejitupa akiwa na shela, kwa ajili ya baharia aliyemkimbia. Periklis akaigiza kilio chake. Tulicheka, Mungu atusamehe. Kisha mzee mmoja akamwita pembeni, naye akatuambia tutangulie."

"Mzee gani?"

Hana alinyoosha kidole kwenye mlango wa karakana.

Evanthia alilijua dirisha lile. Hapakuwa na baharia wala shela. Msichana yule aliitwa Anthoula, mtoto wa pekee wa Tasos. Yeye na Evanthia walikaa dawati moja shuleni.

Alimkuta Tasos akisuka kiti.

"Mzee wangu, maji yalikurukia wapi?"

Mikono ya Tasos ikasimama. "Kila mwaka yananirukia. Mdomo umezoea."

"Ulimpiga na nini?"

Akainama, akatoa nyundo ya mbao iliyoviringishwa kwenye gunia.

"Nilimwomba, Evanthia, si mara moja. Kila siku anamuua mwanangu upya chini ya dirisha langu, na watu wanacheka. Leo nikamwambia, ni Jumamosi Kuu, mwache apumzike. Unajua alinijibu nini? 'Mzee, nani atasimama kumsikiliza msichana aliyeteleza akianika shuka? Ukipenda, kesho nitasema wewe ndiye uliyemsukuma.' Akacheka, akanipa mgongo. Kengele zikaanza. Nyundo ilikuwa mkononi, na chungu kitupu mlangoni."

"Ungekuja kwangu."

"Ungemfunga kwa kosa gani? Kusimulia?"

Evanthia alitoa pingu. Alimfunga nazo kwa mbele na kuzifunika na koti lake mwenyewe.

Nje, nyuma ya utepe wa polisi, Loukas alikuwa amesimama na kundi jipya. "Na hapa," alikuwa akisema, "leo hii asubuhi, chini ya dirisha hilihili la bibi harusi..." Alipomwona Tasos, alishusha mkono aliouelekeza dirishani. Simu zilizoinuliwa zilibaki hewani.

"Alikuwa anaanika shuka," Evanthia aliwaambia wageni kwa Kigiriki. "Aliteleza. Aliitwa Anthoula."

"Anasemaje?" mgeni mmoja aliuliza.

Loukas alimtazama Tasos, akatazama dirisha, kisha wageni wake.

"Anasema," alijibu kwa lugha yao, "tupishe njia."