Bangili za Hetal

Jioni ile nilikwenda Kagarama, kwa wakwe zangu watarajiwa, kufundishwa kuvaa mapambo ya bibi harusi wa Kihindi. Mimi ni Mukunde, Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, na nilikuwa karibu kuolewa na Ketan, ambaye familia yake ya Kihindi inauza vifaa vya ujenzi hapa Kicukiro. Mama yake alikuwa amenipigia simu. "Njoo nikufundishe. Sitaki ndugu zetu wakucheke."

Hilo la kuchekwa lilinikaa moyoni.

Mlinzi wao, Salvator, alinifungulia geti. "Mama iko njiani, dada. Kaa hapo barazani."

Nikakaa. Giza likaanza kuingia. Ndipo nikasikia njuga ndani ya nyumba.

Chwi... chwi... chwi...

"Ingia," sauti ya kike ikaita taratibu. "Nitakufundisha mimi."

Nikadhani ni ndugu yao mmojawapo. Nikavua viatu, nikafuata sauti mpaka chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulinuka kafuri na maua ya asumini yaliyoanza kuoza. Hapakuwa na taa. Msichana wa rika langu alikuwa ameketi kitandani, amevaa sari nyekundu, na mapambo yametandazwa mbele yake.

"Naitwa Hetal," akanong'ona. "Tunaanza miguuni. Miguuni ni fedha tu. Dhahabu haikanyagi ardhi."

Akanifunga vikuku. Vidole vyake vilikuwa baridi, tena vyenye unyevu. Akanizungushia mkanda kiunoni, akanivisha kidani, akaniwekea pambo la paji la uso na kulibana kwenye nywele. Kisha akachukua bangili za kioo, nyekundu, ndogo mno.

"Hazitaingia," nikasema.

"Kunja kidole gumba. Legeza mkono. Ukishupaza, kioo kinakata."

Zikaingia. Zote, kama maji.

"Mimi alinivisha Ketan," akasema.

"Ketan yupi?"

Akanisogelea sikioni. Sikusikia pumzi yake.

"Mke mwenzangu," akanong'ona, "usiniulize mimi. Kamuulize yeye."

Taa ikawaka.

Mlangoni walisimama Mama Ketan, Ketan na shangazi zake wawili waliokuja kutoka Kampala. Mimi nilikuwa nimeketi peke yangu kitandani, pekupeku, nimejaa dhahabu isiyo yangu.

"Mwizi," shangazi mmoja akasema.

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Ketan alifungua kiganja chake, akanionyesha ufunguo.

"Nani alikufungulia? Chumba hiki kimefungwa tangu msiba."

"Msiba wa nani, mama? Kuna dada alinivalisha. Hetal."

Ketan aliketi sakafuni.

"Nilitaka kukwambia," akasema. "Alikuwa mke wangu."

"Alikufaje?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama chini. Nami niliyeitwa mwizi nikaona aibu imehamia kwao wote, lakini yangu haikupungua.

Walinivua mapambo mengine yote. Bangili zikagoma. Walipaka sabuni, walipaka mafuta, mpaka ngozi ikachubuka. Mwishowe Mama Ketan akaleta jiwe la kusagia viungo, akanilaza mkono juu ya meza, akaliinua.

Akaganda.

"Siwezi," akasema. "Kwetu bangili za kioo huvunjwa mikononi mwa mjane, mumewe akishakufa."

Wote wakamgeukia Ketan.

Nilirudi nyumbani kwa pikipiki, nimejifunika kitenge mpaka vidoleni. Tangu hapo navaa mikono mirefu hata juani. Kanisani nashindwa kuinua mikono. Ketan akipiga simu sipokei. Harusi nimeivunja, na mama yangu nimemwambia uongo kuhusu sababu, kwa kuwa ukweli siwezi kuutamka mbele yake.

Jumapili moja nilikuwa jikoni na mdogo wangu, Joselyne, tukiosha vyombo. Sufuria ikamponyoka, ikanigonga mkononi.

Ti!

Bangili moja ikaanguka vipande vipande. Kabla hatujaviokota, simu ikaita. Alikuwa Mama Ketan. Hakunisalimu.

"Mukunde... umevunja ngapi?"

"Moja tu, mama. Bahati mbaya."

Nikamsikia akilia. Nyuma yake Ketan alikuwa akipiga mayowe. Mama yake akaniambia ameanguka ngazini, mfupa wa paja umetokeza nje.

Sasa nalala mikono ikiwa juu ya mto, nikimlinda mwanamume nisiyemtaka. Lakini kuna jioni nyingine nakumbuka alivyonidanganya, nakumbuka ule ukimya wao nilipouliza, na najikuta nimesimama karibu na ukuta wa jikoni, mkono nimeuinua.

Na nyuma yangu, taratibu sana...

Chwi.

Nashusha mkono. Aibu inanijaa usoni, kwa sababu kila mara nachelewa zaidi kuushusha.