Mama Amesema Lipakwe Nyeupe

"Usiliguse, bado bichi," mchumba wangu akaniambia, anatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

Nilisimama mlangoni mwa karakana, mkoba bado uko begani. Kabati langu lilikuwa jeupe. Jeupe pe, juu hadi chini, hata vishikio vya shaba vilikuwa vimepakwa.

Nieleze kidogo, maana nikianza kulia hapa mtadhani nalilia mbao. Mimi na mchumba wangu tunanunua fanicha kuukuu, tunazifufua, tunaziuza. Mimi nakwangua rangi za zamani na kupiga msasa. Yeye anapaka, na ana mkono mwepesi hadi mafundi wenzake wanamwita Brashi. Lakini kabati hili halikuwa la kuuza. Lilikuwa la chumba chetu baada ya harusi. Nililikuta limetupwa nyuma ya duka la mitumba, limepakwa kijani juu ya krimu juu ya kahawia, nikawa nalikwangua kila nikimaliza kazi za wateja, mpaka kucha zikaisha. Chini ya uchafu wote ule nikakuta mbao nyekundu yenye mistari mizuri. Nikamwambia Brashi hili tunalipaka vanishi tu, lionekane lilivyo. Akaitikia.

Sasa mbao tupu ukiipaka rangi ya mafuta bila kuiziba kwanza, inainywa. Utakwangua hadi uzeeke, weupe utabaki kwenye vitundu vyake. Na hilo Brashi analijua kuliko mimi.

"Nani kakwambia ulipake?"

"Mama amesema chumba cha bibi harusi kinatakiwa kiwe na vitu vyeupe."

Hapo damu ikachemka. Mama yake alisema harusi iwe ndogo, nikawakata shangazi zangu kwenye orodha ya wageni mpaka wakaninunia. Mama alisema tukioana tukaishi kwake, nikameza. Wiki iliyopita mama akasema mke wa mtu hafai kushinda kwenye vumbi la msasa, kwa hiyo nikiolewa niiache karakana. Hilo halikumezeka, siku hiyo mimi na Brashi tukatoka kazini bila hata kuagana. Kila nikibisha, Brashi ananibembeleza: unamjua mama, mvumilie, usimpandishe presha. Basi nikawa namchukia mama wa watu kimoyomoyo, na tukikutana namwamkia kwa adabu zote.

Nikatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Mama mkwe."

"Achana naye, atakuwa amepumzika," akasema, akanyoosha mkono wenye rangi aichukue. Nilikuwa nimeshabonyeza spika na kuiweka mezani.

Mama akaitikia shikamoo yangu, tukaulizana hali, akauliza na ya nyumbani kwetu. Sikuwa na hamu ya kuzunguka mbuyu.

"Mama, kabati limeshapakwa nyeupe kama ulivyosema."

Mama akaguna.

"Nilivyosema mimi? Mwenzako aliniambia wewe ndiye unataka nyeupe. Nikamwambia, mbao nzuri ile mnaizika?"

Nikamtazama Brashi. Alikuwa anajifuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja.

Nikamuuliza mama yote. Harusi ndogo? Yeye aliambiwa mimi ndiye nisiyependa watu, na dada zake wasioalikwa hawasemi naye mpaka leo. Kuhamia kwake? Aliambiwa nimeng'ang'ania, akawa anajiuliza huyu bibi harusi gani anayetaka kubanana na mkwewe, wakati chumba chenyewe alitaka kukipangisha. Na karakana je?

"Mwanangu, niliambiwa umeichoka kazi. Nikasikitika. Mimi niliyelea watoto kwa cherehani, nimwambie mtoto wa mwenzangu aache kazi yake?"

Nikacheka kicheko kichungu. Muda wote huo nilikuwa napigana na mwanamke asiyejua kama kuna vita.

"Kwa nini?" nikamuuliza Brashi.

"Nilijua nikikuuliza utakataa."

"Niulize sasa."

Akaangalia chini.

"Nikikuoa, utaiacha karakana?"

"Hapana."

"Tutakwenda kuishi kwa mama?"

"Hapana."

Kumbe kusikia hapana hakukumuua. Alibaki amesimama palepale, ila jasho lilikuwa linamtoka. Nikakumbuka siku aliyoniambia tuoane. Alisema mama yake anataka mkwe. Hakusema kama yeye anataka mke, na mimi kwa kupenda sikuona tofauti.

Nadhani naye alikumbuka, maana akalitupa lile tambara akanisogelea.

"Na mimi, unanitaka? Utakubali nikuoe?"

Nampenda, sitawadanganya. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kooni. Lakini nikajiona ndani ya nyumba yetu, miaka inakwenda, naambiwa jirani amesema, daktari amesema, watoto wamesema, na mimi nazunguka nikigombana na watu wasio na habari.

"Hapana," nikasema, machozi yakaanza kunitoka.

Mimi nikageuka kutafuta mkoba wangu, ambao bado ulikuwa begani. Simu tulishaisahau, mpaka mama alipokohoa.

"Umesikia, baba?" akamwambia mwanawe taratibu. "Sasa kawaambie watu mwenyewe kwamba harusi hakuna. Na usiseme mama amesema."