Nakala ya Hakipotei

Lililomshtua kwanza lilikuwa jina lake mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, fundi wa mitambo wa kile kituo cha redio aliandika amri moja kwenye skrini nyeusi, na seva ikamtolea majina ya waliojaza diski kupita mgao wao. Huwa ni walewale, watangazaji wasiojua kufuta kitu. Asubuhi ile jina la juu kabisa lilikuwa lake, ilhali folda yake ilikuwa tupu tangu aifungue. Hakuwahi kuweka humo hata picha ya harusi.

Akafuta yaliyomo. Akaita orodha tena. Jina lipo, na folda imenenepa.

"Mjinga wewe," akaiambia mashine, maana hasira zake zilikuwa za karibu.

Ofisini walimwita Hakipotei, kwa majigambo yake ya "kwangu hakipotei kitu". Kazi hakufundishwa na mtu. Aliipapasa mwenyewe kwa vidole viwili, na mpaka leo alichapa kwa vidole hivyo hivyo: ta-ta, kimya, ta. Tena alijisifu kuwa msema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alikuwa amefariki, ameacha folda kubwa ya sauti na diski inakaribia kufurika. Kanuni ya Hakipotei ilikuwa hii: seva ikimtumia ujumbe kwenye simu kwamba nakala imekamilika katika diski ya akiba, ya asili inafutwa, nafasi inapatikana. Ujumbe ukaja, akafuta. Alichosahau ni kwamba amri ya kunakili, aliyoiandika kwa mikono yake, iliagizwa kila usiku kuifanya akiba ifanane na asili. Usiku ule ikakuta huku folda ya marehemu haipo, ikaifuta na kule. Kulipokucha simu ikaleta ujumbe uleule: nakala imekamilika.

Kisha mama wa marehemu akaja.

"Sitaki mengi, mwanangu," alisema. "Nataka nimsikie tu akisema habari za asubuhi. Simu iliyokuwa na sauti yake waliniibia."

Hakipotei akafungua kinywa aseme kweli, kikatoka kingine. "Zipo salama, mama. Mashine iko matengenezoni. Njoo wiki ijayo."

Wiki ijayo akaja. Akaambiwa wiki ijayo.

Sasa, siku hiyo ya jina, adhuhuri, watu wametoka kwenda kula, Hakipotei alisikia kibodi ikichapwa ndani ya chumba cha seva. Ta-ta, kimya, ta. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alipofungua hakukuta mtu, ila baridi ya kiyoyozi, na katikati ya baridi ile harufu yenye joto: sabuni ya shati lake, jasho la kwapa lake. Akagusa kiti. Kilikuwa kimetoka kukaliwa.

Akafungua ile folda. Ndani mlijaa sauti. Akavaa hedifoni, na kwanza akasikia pumzi, kisha kiatu cha kushoto kinachoburutwa, kama aburutavyo yeye tangu avunjike kifundo, kisha sauti yake ikisema zipo salama mama, zipo salama mama, na kila ilivyorudia ikazidi kulainika, ikazidi kuona haya, mpaka haikuwa tena sauti ya mwongo bali ya mtu anayejizoeza kuomba radhi, anakosea, anaanza upya, kama mtoto anayekariri somo, na nyuma ya sauti hiyo, ndani ya hedifoni au nje yake hakujua, pumzi ya pili ikawa inapishana na pumzi yake, inapishana, kisha ikaacha kupishana, zikaenda pamoja.

Alitoka bila kufunga mlango.

"Fundi, una njia ya panya humu?" dada wa mapokezi alimchekea. "Sasa hivi umepita hapa ukatoka nje. Umenisalimia, na mtoto wangu ukamuulizia. Nikasema leo jua limechomoza magharibi."

"Nilikuwa ndani," alinong'ona.

Kicheko kikamfia dada yule mdomoni. Hakipotei akainama juu ya meza akamweleza yote kwa sauti ya chini, macho kwenye kalamu zake.

"Bibi yangu alikuwa akipunga majini," dada alisema polepole. "Alisema jini aliyeingia kwa uongo hatolewi kwa moshi. Nenda kwa yule mama, kaseme."

"Nitamtazama vipi?"

"Kwa macho hayo hayo uliyomdanganyia."

Akaenda. Mama alifungua mlango akitabasamu.

"Umesahau nini tena, mwanangu?"

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Sauti za binti yako nili—"

"Si umetoka hapa sasa hivi? Umepiga magoti pale kwenye mkeka, umelia mpaka nikakuhurumia. Radhi nimeshakupa. Ya pili ya nini?"

Mezani palikuwa na redio ndogo, flashi imechomekwa. Humo marehemu alikuwa akisema, kwa furaha ileile, habari za asubuhi, wapenzi wasikilizaji. Sauti ambayo Hakipotei alijua haipo popote duniani.

"Aliyekuja hakuwa mimi, mama."

Mama akamshika bega. "Basi huyo ndiye nitakayemshika. Yule wa wiki ijayo, wiki ijayo, ndiye sikumjua."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kichwa chini. Mlangoni pake palikuwa na viatu, kisigino cha kushoto kimelika. Akatazama miguuni mwake: viatu ni vilevile. Ndani mkewe alikuwa anacheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mwaka wao wa kwanza, na sauti ya mwanamume ilikuwa inamsimulia kila kitu, folda, uongo, aibu, bila kuficha hata chembe. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia neno.

Akanyanyua mkono abishe hodi. Ukakataa. Aibu ya kudanganya alishaizoea. Hii ilikuwa ya mgeni asiyealikwa, na mlango ni wake.

Simu ikatetemeka mfukoni. Seva.

*Nakala imekamilika.*

Alijua kinachofuata. Kanuni aliiweka mwenyewe. Ndani kicheko kilikatika, na mguu unaoburutwa ukaanza kuja mlangoni.